Sehemu ya Saba ya Fomu

Mgonjwa anapolazwa, muuguzi huandika mengi. Huandika presha, joto la mwili, sukari, dawa alizokuwa akimeza, alikula lini na alienda haja lini. Kisha hufika mahali pa kueleza mgonjwa huyu anajionaje, na hapo kalamu husita. Mara nyingi huandikwa "hana tatizo" na zamu ikaendelea. Mwanamume aliyekatwa mguu jana hana tatizo. Mama aliyeondolewa titi hana tatizo. Mzee aliyepooza upande mmoja, ambaye kwa siku tatu amelala akiutazama ukuta, naye hana tatizo.

Uhaba wa wauguzi unachangia, tena sana. Muuguzi akiachiwa wadi nzima usiku, humkimbilia kwanza anayevuja damu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa. Mgomo wa wauguzi wa Kenya wa mwaka 2017, uliodumu miezi mitano, uliionyesha nchi nzima kazi hii imebebeshwa watu wachache kiasi gani. Lakini hata siku ambayo muda upo, sehemu hiyo hubaki tupu. Naamini sababu kubwa ni kwamba swali tulilofundishwa kuliuliza huanzia mahali ambapo watu wengi wa kaunti yetu ya Taita Taveta, kuanzia Voi na Mwatate hadi Wundanyi na Taveta, hawaanzii wanapojieleza.

Fomu yenyewe ina asili yake. Mwaka 1982 Marjory Gordon, muuguzi na mwalimu wa uuguzi nchini Marekani, alitoa mpangilio wa mambo 11 ya kuchunguzwa kwa kila mgonjwa. La saba ni jinsi mtu anavyojitambua na kujiona. La nane ni nafasi yake na uhusiano wake na watu. Kabla yake, Sista Callista Roy, mtawa aliyekuwa pia muuguzi, alikuwa ameanza mwaka 1970 kuchapisha nadharia yake kwamba binadamu hukabiliana na mabadiliko kwa njia nne: kwa mwili, kwa taswira ya nafsi yake, kwa majukumu yake na kwa kutegemeana na wenzake. Vitabu vya kufundishia vimefuata mkondo huo, na kwa kawaida huigawa taswira ya nafsi katika mambo manne, yaani utambulisho, taswira ya mwili, kujithamini na utekelezaji wa majukumu.

Ni kazi iliyofikiriwa vizuri, na muuguzi aliyeielewa huona mambo ambayo mwingine hupita akiyaacha. Ugumu uko kwenye sentensi ya kwanza inayotoka kinywani. Mwanafunzi wa uuguzi, daftari mkononi, humsogelea mgonjwa na kuuliza: "Mama, unajionaje?" Jibu ni moja: "Niko sawa, sista."

Mama hadanganyi. Anajibu kwa adabu swali la mgeni, tena kijana, huku jirani wa kitanda cha pili akisikiliza na shemeji yake akiwa ameketi miguuni pake. Kujizungumzia mwenyewe, "mimi najiona hivi, mimi nahisi vile", mbele ya hadhara hiyo ni jambo ambalo hakulelewa kulifanya. Hata angetaka, angeanzia wapi? Maisha yake hayasimuliwi kwa kueleza yaliyo moyoni. Yanasimuliwa kwa watoto aliowasomesha, shamba alilolima, chama anachokitunzia hazina, kwaya anayoiimbia na mkwe anayemngoja nyumbani.

Wapo wanaodhani dawa ni kutumia dodoso badala ya mazungumzo. Linalojulikana zaidi ni la Morris Rosenberg, la mwaka 1965, lenye sentensi 10 ambazo mtu husema anakubaliana nazo au la. Lilitungwa kwa wanafunzi wa shule za upili wa jimbo la New York, na limetumika duniani kote. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005, uliolipeleka katika nchi 53, Tanzania ikiwemo, uligundua kwamba sentensi zilizotungwa kwa ukanushi hazikueleweka kwa namna moja kila mahali. Si ajabu. Mpe mzee wa Sagalla sentensi inayosema, kwa mfano, kwamba hana mengi ya kujivunia, umwambie achague kukubali au kukataa. Akikataa, ataonekana mwenye majivuno, naye alifunzwa kwamba sifa zake zisemwe na wengine. Atakubali kwa unyenyekevu, nawe utaandika kwamba anajidharau. Dodoso lina manufaa katika utafiti wa watu wengi. Kando ya kitanda linaweza kupotosha.

Jambo ambalo halisemwi vyuoni ni kwamba mmoja wa wasomi waliotenganisha kwa makini maana za mtu na nafsi alijifunza kazi yake hapa hapa, kwenye vilima vya Taita. Grace Harris, mwanaanthropolojia Mmarekani, aliishi miongoni mwa Wataita mwanzoni mwa miaka ya 1950 pamoja na mumewe Alfred. Mwaka 1978 alitoa kitabu kuhusu dini yao ya asili, na mwaka 1989 akachapisha makala ambayo bado inasomwa, akionya kwamba wataalamu huchanganya mambo matatu. La kwanza ni kiumbe, yaani binadamu kwa mwili wake. La pili ni nafsi, yaani kule ndani mtu anakoonea na kuhisi maisha yake. La tatu ni mtu katika jamii, yaani yule anayetambuliwa na wenzake kuwa anaweza kutenda, kuahidi, kudai na kulaumiwa. Mtu anaweza kuwa hai kwa maana ya kwanza, akahisi kwa maana ya pili, na bado akawa amepoteza maana ya tatu.

Nikiusoma mgawanyo huo kwa macho ya uuguzi, naona mpangilio wetu wa maswali unapaswa kugeuzwa. Tunaanzia kwenye nafsi, tunapita kwenye mwili, tunamalizia na nafasi katika jamii kama nyongeza. Huku kwetu tuanzie kwenye nafasi, tupite kwenye mwili kwa mikono yetu, na nafsi itajitokeza yenyewe. Mtu akishaeleza nani anamtegemea, tayari ameeleza anajionaje.

Chukua mfano wa mwashi wa miaka 48 kutoka Maungu. Si mtu mmoja. Nimemuunga kutokana na hali zinazojirudia. Ana kisukari. Msumari ulimchoma unyayo asihisi, kidonda kikaoza, na sasa madaktari wamesema mguu utakatwa chini ya goti. Muuguzi anayeanza na "unajisikiaje kuhusu upasuaji?" atapewa jibu la kidini, na jibu hilo ni la kweli kadiri linavyokwenda. Anayeanza na "baba, kazi unayoiacha imesimama wapi?" ataambiwa kuhusu nyumba ya watu iliyofika usawa wa madirisha, vibarua wawili wanaodai, na pesa za awali alizokwisha kupokea. Hapo ndipo ilipo taswira ya nafsi yake. Anajijua kama mtu anayemaliza kazi aliyolipwa. Hofu yake ya kwanza haiko mguuni. Iko kwenye kuitwa mwizi.

Ukishalijua hilo, utajua pia la kufanya. Mruhusu apige simu kwa mwenye nyumba kabla ya upasuaji. Mwite kijana wake, aelekezwe na baba mwenyewe pale kitandani namna ya kukabidhi kazi. Ni dakika chache, na zimemwingiza chumba cha upasuaji akiwa bado mtu wa neno lake.

Kuna mambo mawili zaidi ambayo nayaona ya lazima kabla ya kukata kiungo, na hayamo kwenye fomu. La kwanza ni kiungo kitapelekwa wapi. Hospitali ina utaratibu wake wa kuchoma mabaki ya upasuaji, na wengine hawana neno. Lakini kuna Mwislamu ambaye angependa kiungo chake kizikwe, na kuna familia ambayo haiwezi kulala ikifikiri sehemu ya baba yao imetupwa. Tukumbuke kwamba katika vilima hivi wazee wa kale waliyahifadhi mafuvu ya wafu wa ukoo kwenye mapango. Mapango hayo bado yapo. Wengi wa wajukuu wao leo ni Wakristo, na Injili imehubiriwa Sagalla tangu miaka ya 1880, ila heshima kwa mwili wa mtu wa nyumbani haikufutika. Kuuliza hakugharimu chochote. Kutouliza kunaweza kumwachia mtu jeraha ambalo hakuna bendeji itakayolifikia.

La pili ni kumtayarisha kwa mguu ambao hautakuwepo lakini utasikika. Wengi wa waliokatwa kiungo huendelea kukihisi: vidole vinawasha, unyayo unauma, kisigino kinakufa ganzi. Daktari Mmarekani Silas Weir Mitchell alilieleza jambo hilo kwa kina baada ya kuwatibu majeruhi wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi yake, katika miaka ya 1860 na 1870. Linatokana na ubongo, ambao bado una ramani ya mguu. Mgonjwa asiyeambiwa mapema atakaa kimya akidhani anarukwa na akili au amelogwa, na kimya hicho kitasomwa na muuguzi kama ukaidi au kama amani. Aambiwe mapema, kwa maneno mepesi: "Baba, unaweza kuusikia mguu huu hata baada ya kutolewa. Wengi huusikia. Ukikuuma, tuambie, kuna dawa." Sentensi chache tu hizo zinamlinda asijione mwendawazimu.

Halafu inafika siku ya kwanza ya kubadilisha bendeji, na kwangu hiyo ndiyo saa kubwa ya uchunguzi wote. Muuguzi anayefanya kazi akiwa ameinamia kidonda tu ataona rangi, usaha na mshono. Anayeinua macho ataona mengine. Je, mgonjwa anautazama mguu, au ameupa kisogo? Anauita mguu wangu, au anasema "hicho kitu"? Ameufunika kwa shuka kabla wageni hawajafika? Mkewe amekaa upande gani wa kitanda? Vitabu vinashauri tusimlazimishe kutazama, tusimzuie pia, na tusimwache afanye hivyo peke yake mara ya kwanza. Nakubaliana navyo. Ningeongeza kwamba uso wa muuguzi ndio kioo cha kwanza cha mgonjwa huyo. Ukikunja pua kwa harufu, ameshajiona.

Kuanzia hapo msaada ni wa mikono. Afundishwe kuufunga mguu mwenyewe, kuukagua kwa kioo kidogo, kunyoosha goti na kutouegemeza kwenye mto muda wote ili lisije likakakamaa, na kulala kifudifudi kwa vipindi. Mazoezi hayo yanalinda kiungo ili mguu wa bandia uweze kuvaliwa baadaye. Yanafanya na jambo la pili: yanamrudisha mgonjwa kuwa mtendaji. Mtu aliyejifunga bendeji vizuri mbele ya muuguzi amejipa ushahidi ambao maneno ya kutia moyo hayawezi kuutoa.

Kuhusu hayo maneno ya kutia moyo, nina la kusema wazi. "Usijali, baba, utakuwa sawa." "Wapo walio na hali mbaya kuliko wewe." "Mungu ana mpango." La mwisho lina uzito mgonjwa akilisema mwenyewe, au mchungaji au imamu wake akilisema. Muuguzi akilitanguliza, mara nyingi anafunga mlango wa mazungumzo kwa sababu yeye mwenyewe hajui aseme nini. Kukaa dakika mbili bila kusema kitu, mkono ukiwa juu ya ukingo wa kitanda, kuna msaada mkubwa kuliko hayo yote.

Lugha ya wafanyakazi wa wadi nayo ihesabiwe kuwa sehemu ya matibabu, kwa wema au kwa ubaya. "Yule mguu wa kisukari ameshakunywa dawa?" "Kitanda cha nane kinataka kwenda choo." Kauli hizi hutamkwa kwa haraka na bila nia mbaya, na mgonjwa anazisikia zote. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 28, inasema kila mtu ana utu na ana haki utu huo uheshimiwe na kulindwa. Sijui mahali ambapo kifungu hicho hupimwa mara nyingi zaidi kwa siku kuliko kwenye makabidhiano ya zamu, wauguzi wanapopita kitanda hadi kitanda. Mwite Mzee, mwite Mama Fulani kwa jina la mwanawe, mwite Mwalimu ikiwa ndivyo alivyojulikana kwa miaka 30. Jina analoitwa nyumbani liandikwe juu kabisa ya kadeksi yake, yaani kadi ya kumbukumbu zake wadini.

Mazingira nayo yana neno. Kiharusi kile kile hakimpotezei mtu kitu kile kile akiwa Voi mjini na akiwa Werugha. Voi ni tambarare, kuna bodaboda mlangoni, na mwenye duka anaweza kurudi kuketi dukani. Vilima vya Taita vinapanda hadi Vuria, mita 2,208 juu ya usawa wa bahari, na mashamba yake yamekatwa matuta kwenye miteremko. Mama aliyezoea kushuka na jembe na kupanda na mzigo wa mboga, akirudishwa nyumbani na gongo, anabaki kati ya mlango na jiko. Amepoteza shamba, kisima, soko na kanisa kwa mara moja. Kwa hiyo "unaishi wapi?" si swali la kujaza anwani. Ongeza "kutoka barabarani hadi mlangoni ni mwendo gani, na ni mteremko au mlima?" na umepata picha ya maisha anayoyarudia.

Swali lingine la namna hiyo ni "nani atakuosha nyumbani?" Mzee aliyepooza, mjane, ambaye mwanawe anafanya kazi Mombasa, atabaki nyumbani na mkaza mwana. Katika familia nyingi za hapa, mkwe kumwona baba mkwe uchi ni aibu isiyoelezeka kwa wote wawili. Hospitalini tunamfundisha mkaza mwana huyo kumgeuza mzee, kumsafisha na kumbadilisha nepi ya watu wazima, tukifurahi kwamba amepatikana mlezi mwenye bidii. Mzee anakubali. Anaacha kula na kunywa ili haja isije. Wiki mbili baadaye anarudishwa akiwa amekauka maji mwilini, na sisi tunaandika "hakuzingatia ushauri". Alizingatia kitu kikubwa zaidi. Angeulizwa mapema, angemtaja mjukuu wa kiume, au jirani wa rika lake, au kijana wa kulipwa kidogo asubuhi na jioni. Mkaza mwana angebaki na kazi ya kupika na kumletea uji, ambayo inaheshimika pande zote.

Harris aliandika pia kuhusu jambo lililokuwa kiini cha dini ya asili ya Wataita: hasira iliyofichwa moyoni mwa ndugu au mzee iliaminika kuwa inaweza kuleta ugonjwa na maafa, na ibada ya kutasa ilikuwa ya kuitoa hasira hiyo. Mhusika alitia kinywani pombe, maji ya miwa au maji, akayapuliza nje huku akitamka maneno ya kuiacha hasira na kuomba heri. Sijui muuguzi anayehitajika kuamini au kukanusha chochote hapo. Anachohitaji ni kujua kwamba nyuma ya ugonjwa mrefu mara nyingi kuna swali la nani amekosana na nani: ng'ombe aliyeuzwa kulipia hospitali bila ndugu wote kukubaliana, shamba lililowekwa rehani, mtoto aliyeacha masomo. Mgonjwa hujiona kupitia hasira hizo, awe anayesema amezisababisha au anayeamini zimempata. "Kuna mtu ungependa aje kukuona kabla ya upasuaji?" ni swali la kawaida kabisa, na huufungua mlango huo bila kumlazimisha mtu kupita.

Ni lazima hapa kuweka tahadhari. Harris alieleza jamii ya vilimani ya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na Voi ni mji wa reli na barabara kuu. Wadini utawakuta Wataita, Wakamba, Waswahili, Wasomali, Waluo, Wataveta na madereva wa malori kutoka nchi jirani. Hata Mtaita kwa Mtaita hutofautiana: msichana wa chuo kikuu aliyezaliwa Voi anaweza kupenda sana kuulizwa anajisikiaje, na akaudhika ukimwuliza kuhusu shangazi zake. Atakayepima taswira ya nafsi kwa kuangalia kabila atakuwa amebadilisha fomu moja mbovu kwa nyingine. Nafasi ya mtu huulizwa, haikisiwi.

Kaunti hii ina hali moja ambayo sijaiona katika kitabu chochote cha uuguzi. Takriban asilimia 62 ya ardhi yake imo ndani ya mbuga za Tsavo, na wanaoshambuliwa na tembo, nyati au mamba huletwa kwenye wadi zetu. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa kifo na milioni 3 kwa jeraha linaloacha ulemavu wa kudumu. Ni haki yao, na inafaa ilipwe kwa wakati. Lakini angalia kinachomtokea majeruhi tangu siku ile anapojaziwa fomu ya fidia. Wageni wanaokuja kumwona wanaulizia fedha. Ndugu wa mbali wanajitokeza. Kupona kwake kunaanza kuonekana kama tishio kwa dai lake, na kubaki na ulemavu kunakuwa na bei. Miaka inaweza kupita kabla ya malipo, na muda wote huo anaishi akijulikana kijijini kama yule wa milioni 3. Muuguzi hawezi kuharakisha fidia. Anaweza kutenga mazungumzo mawili: moja la kumsaidia kupata vielelezo na kumbukumbu za matibabu zinazohitajika, lingine la kuzungumzia anataka kufanya nini mwezi ujao, fedha zije zisije.

Kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu inaleta mtihani unaofanana na huo. Ina manufaa ya kweli, na mgonjwa anastahili kuelezwa. Ila kuandikishwa ni kukubali mbele ya serikali jina ambalo jana halikuwa lako. Nimeona haraka yetu ya kutaka mtu aandikishwe kabla hajatoka wadini, kwa nia njema. Ningependa tumpe habari, tumpe na muda. Njia nzuri zaidi ni kumkutanisha na mtu aliyekwisha kupita hapo. Mwashi wetu akienda Mombasa, safari ya kilomita 150 hivi kutoka Voi, kutafuta mguu wa bandia, kwa mfano katika kituo cha APDK, shirika ambalo limehudumia watu wenye ulemavu nchini tangu mwaka 1958, atakutana na mafundi na wateja wenye viungo vya bandia wanaofanya kazi, wanaotaniana na kulalamikia nauli. Saa moja katika foleni hiyo itamfundisha zaidi ya hotuba yangu.

Vijana nitawataja kwa ufupi, ingawa wanastahili safu yao. Msichana wa miaka 16 anayekuja kliniki ya wajawazito akiwa amevaa leso ya mama yake kuficha sare za shule anajijua bado kama mwanafunzi. Swali la kwanza liwe "uko kidato gani?" na la pili "unapenda somo gani?", kwa sababu sera ya Kenya inamruhusu kurudi shuleni baada ya kujifungua. Muuguzi anayemwita "mama" kwa sauti mbele ya foleni amemvua sare hiyo kabla ya wakati.

Kuna kauli ambayo, popote itakaposikika, inabidi kazi nyingine isimame. "Nimekuwa mzigo." Huja kwa sura nyingi: "wangeniacha tu", "hizo pesa zingesomesha watoto", au mtu anayeanza kugawa vitu vyake na kuagiza mambo ya mbali. Mtu anayejijua kwa kile anachowapa wengine, siku akiamini kwamba anachukua tu, yuko hatarini. Aulizwe waziwazi, faraghani, kama amefikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Mara nyingi kunampa nafuu ya kulisema. Na woga wa zamani wa polisi sasa una jibu: Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Muuguzi alijue hilo, alitamke, kisha amkabidhi mgonjwa kwa mwenye ujuzi wa afya ya akili siku hiyo hiyo, na asimwache peke yake kabla ya hapo.

Inabaki kazi ya kuandika. Mgonjwa akiruhusiwa kwenda nyumbani, barua yake huorodhesha dawa, tarehe ya kliniki na hali ya kidonda. Mhudumu wa afya ya jamii atakayemtembelea Maungu au Mgange hapati humo neno hata moja kuhusu mtu mwenyewe. Kwa ridhaa ya mgonjwa, ziongezwe sentensi nne: anapenda kuitwa nani, kazi gani alikuwa akiifanya na sehemu gani ya kazi hiyo bado anaiweza, nani anamwosha na kama hilo limekubalika kwake, na jambo gani alisema linamkosesha usingizi. Kwa mwashi wetu ingesomeka hivi: "Huitwa Fundi. Anaweza kupima, kukadiria vifaa na kusimamia vibarua akiwa ameketi. Mkewe humsaidia kuoga, hawana tatizo. Ana deni la kumaliza nyumba ya watu. Mwanawe ameishika kazi hiyo. Tafadhali mwulize imefika wapi." Mhudumu akiingia na swali hilo la mwisho, atakuwa ameendelea na uchunguzi palepale wadi ilipouacha, na anaweza kukagua kidonda wakati Fundi akieleza habari ya linta.